Nilikula hela za kikoba: je, damu ya Yesu bado inanihusu?

"Mchungaji, shikamoo. Nina miaka 38, mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Niliokoka nikiwa sekondari. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, wanawake kumi na wawili ukiniondoa mimi. Mume wangu alisimamishwa kazi, nikaanza kuchukua kidogo kidogo kwenye marejesho nikijua nitarudisha. Siku ya kuvunja kikoba ilipofika, palikuwa na pengo la shilingi 900,000. Nikasema zimeibiwa nyumbani kwangu. Watu wakamshuku binti wa kazi niliyekuwa naye. Sikumtaja mimi, lakini sikumtetea. Nikamrudisha kwao Singida. Tangu hapo nimetubu mara nyingi, nimepita mbele nikaombewa mara tatu, nimefunga, amani sipati. Nilisoma Waebrania 10:26 nikaogopa kabisa. Mtumishi mmoja anasema damu ya Yesu imefuta dhambi ila laana imebaki, ndiyo maana mtoto wangu anaumwaumwa, nitoe sadaka ya kafara 350,000 mlango ufungwe. Na shemeji yangu, Mwislamu, aliniuliza: kwa nini Mungu wenu alihitaji damu ndipo asamehe, si aseme tu nimesamehe? Nikakosa jibu. Naomba unieleze taratibu: damu ile ilifanya nini hasa? Na mimi bado imo kwa ajili yangu?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua kalamu nikapigia mstari sentensi moja: "Sikumtaja mimi, lakini sikumtetea." Nitairudia. Kwanza nikupe jibu fupi, usije ukasoma yote haya roho ikiwa juu. Ndiyo, imo kwa ajili yako. Hujafika mahali ambapo Mungu hawezi kukufikia. Ila ile 350,000 usiitoe. Iweke, tutaipangia kazi.

Tuanze na neno kafara, maana nadhani ndilo linalokuvuruga. Huku mitaani kwetu mtu akiinua ghorofa ghafla na mwaka huohuo mdogo wake akafa, utawasikia watu msibani wakinong'ona: amemtoa kafara. Hapo kafara ni biashara: damu ya mwingine, utajiri wangu. Au ni ile ya mganga, kuku mweusi wa njia panda, ili balaa lililokuwa linakuja kwako lipite pembeni. Neno lenyewe halina kosa. Waislamu wanalo kwa maana safi tu, kwamba aliyevunja kiapo hulisha maskini kumi. Na mzizi wake ni ndugu wa neno la Kiebrania lililomo katika jina la Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Lakini tunapoingia kanisani tukasikia "damu", kinachotangulia kichwani ni yule kuku. Tunachofanya ni kubadilisha majina tu: mahali pa jini tunamweka Mungu, mahali pa kuku tunamweka Yesu. Mungu amekasirika, amepewa damu, ametulia. Kama hiyo ndiyo habari tunayoihubiri, shemeji yako ana haki zote za kushangaa.

Sasa fungua Walawi 17:11. Mungu anaizungumzia damu, anasema: "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu, ili kufanya upatanisho kwa ajili ya nafsi zenu." Soma tena hapo kwenye "nimewapa". Kwa mganga kitu kinatoka kwako kwenda kwa mwenye nguvu ili abadili nia yake. Hapa anayetoa ni Mungu mwenyewe, na anayepewa ni mkosaji. Mwelekeo umegeuka kabisa. Paulo akalisema hilo wazi: "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19). Hakuna Baba mkali upande huu na Mwana mpole upande ule anayemshika mkono asipige. Kwa imani yetu aliye msalabani ni Mungu mwenyewe, amekuja kwa miguu yake. Warumi 5:8 inasema alitupenda tungali wenye dhambi, yaani upendo ulitangulia, msalaba ukafuata. Msalaba haukumshawishi Mungu aanze kutupenda.

Swali la shemeji yako ni zuri, usilikimbie. Kwa nini asiseme tu? Chukua mmoja wa wale wanawake kumi na wawili. Pengo la 900,000 ukiligawa, kila mmoja alipoteza 75,000. Tuseme mmoja anakuambia kwa moyo safi, mama nanii, nimekusamehe, yaishe. Je, ile 75,000 imekwenda wapi? Haijarudi. Sare ya shule ya mtoto wake ilibaki dukani. Maana ya kukusamehe ni kwamba hasara iliyopaswa kukuangukia wewe, ameipokea yeye. Deni halijayeyuka hewani, limehamia begani kwake. Hakuna msamaha wa kweli usio na mtu aliyeumia. Kosa likiwa dogo hatuoni, kwa sababu gharama yake ni ndogo. Msalaba ndipo tunapoona gharama ya upande wa Mungu.

Kuna na upande wa pili, na huu Wakristo wengi tunauruka. Hakimu anayemwambia mwizi "basi, yaishe, nenda nyumbani," na huku walioibiwa wamesimama kwenye korido wanasubiri kuitwa, hatumsifu kwa huruma. Tunauliza amepewa shilingi ngapi. Mfikirie yule binti wa Singida. Ungempenda Mungu ambaye angekuambia wewe yaishe, na aibu ya yule mtoto wa watu isihesabike popote? Haki ya Mungu si ukali tu juu yako, ni heshima kwake yeye uliyemkosea. Ndiyo maana Paulo katika Warumi 3:26 anasema kwa msalaba Mungu apate kuwa mwenye haki, na papo hapo mwenye kumhesabia haki amwaminiye Yesu. Vyote viwili, wala kimoja hakikuachwa ili kingine kipite.

Na shemeji mjibu kwa heshima. Kwenye msalaba wenyewe hamtakubaliana, kwa sababu Qurani inakana kwamba Isa alisulubiwa, na huna haja ya kushinda mjadala huo mbele ya sinia la pilau. Lakini muulize masharti ya toba kwao. Atakuambia uache kosa, ujute, uazimie kutolirudia, na kosa likigusa haki za waja, uwarudishie haki zao. Hilo la mwisho lishike. Tunalihitaji mbele.

Tuingie sasa kwenye ile siku yenyewe, Walawi 16, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Waliletwa mbuzi wawili. Mmoja alichinjwa, kuhani mkuu akaingia na damu yake nyuma ya pazia, akainyunyiza kwenye kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano. Wa pili hakuchinjwa. Haruni aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa chake, akaungama juu yake maovu yote ya watu, kisha mtu mmoja akampeleka nyikani asirudi. Huyo ndiye Biblia inamwita mbuzi wa Azazeli. Siku moja, dhambi moja, picha mbili: iliyosafishwa, na iliyobebwa ikapelekwa mbali. Mwaka uliofuata wakarudia. Waebrania inatumia kurudiarudia huko kama ushahidi kwamba kazi ilikuwa haijaisha: "haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi" (10:4). Kuna jambo dogo mle ndani ninalolipenda sana. Ukisoma vyombo vya hema ya kukutania utakuta meza, kinara, madhabahu, birika, lakini hutakuta kiti cha kuhani kukalia. Kuhani alisimama kila siku. Kisha mstari wa 12 unasema huyu, alipokwisha kutoa dhabihu moja, "aliketi." Kazi imekwisha, mtu amekaa.

Utasikia maelezo tofauti ya namna msalaba unavyofanya kazi, usiogope. Wakristo wa karne za mwanzo walipenda kuueleza kama ushindi juu ya mauti na Shetani, na baadhi yao wakasema fidia alilipwa Shetani. Gregori wa Nazianzo, karne ya nne, akakataa katakata: mnyang'anyi halipwi. Mwaka 1098 hivi Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, akaeleza kwa lugha ya heshima ya Mungu iliyovunjwa na deni ambalo mwanadamu alipaswa kulilipa lakini hakuliweza. Abelard, kijana kwake, akasisitiza upendo unaoyeyusha moyo wa anayeutazama msalaba. Wanamatengenezo wa karne ya 16, akina Luther, wakachukua picha ya mahakama: hukumu yetu, akaibeba yeye. Katika karne ya 20 Gustaf Aulén, Mlutheri wa Sweden, akatukumbusha tena ule ushindi. Biblia ina picha hizi zote, na nimekwisha kuchoka na watu wanaoshika moja wakawapiga nayo wenzao kichwani.

Mimi nimelelewa kwenye ile ya mahakama. Uzeeni nimeipenda zaidi picha ya rehani, kwa sababu naijua kwa macho. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, Tanga, mama yangu alipoweka cherehani yake rehani kwa mwenye duka mmoja. Baba alikuwa mgonjwa. Cherehani ile, nyeusi, ya mkono, ilikaa nyuma ya kaunta ya yule bwana karibu mwaka mzima, juu yake pameegemezwa magunia ya sukari, na mama alikuwa akishona mikononi kwa taa ya chemli. Kisha mjomba akaja kutoka mkongeni na hela. Nilikwenda naye. Mwenye duka alifungua daftari, akatafuta jina la mama kwa kidole, akapiga mstari mwekundu kulikata, na ninavyokumbuka aliupiga mara mbili, mjomba alipomwambia upige vizuri uonekane. Tukaifunga cherehani kwenye baiskeli tukarudi nayo.

Hiyo ndiyo kukomboa kwa Kiswahili cha pwani. Unakomboa kilichowekwa rehani, unamkomboa aliye mtumwa. Unguja, Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini limesimama kwenye kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na miongoni mwa walioabudu humo mwanzoni walikuwamo watu walioachiwa huru kutoka utumwani. Hao ukiwaambia "Mkombozi" hawahitaji kufafanuliwa. Na Paulo anapowaandikia Wakolosai kwamba Kristo aliifuta "ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki" akaigongomea msalabani, mimi naona lile daftari na ule wino mwekundu. Mfano una mipaka, bila shaka. Ukianza kuuliza nani alipokea hela unavunjika, na Gregori tayari ametuonya. Kazi yake ni kukuonyesha kwamba kilichokuwa kimeshikwa kimerudi nyumbani.

Lakini ngoja nikumalizie habari ya mama. Miezi mingi baada ya cherehani kurudi, alikuwa bado anapita uchochoro wa nyuma, kwenye matope, ili asipite mbele ya lile duka. Deni lilikwisha kufutwa. Miguu yake ilikuwa haijapata habari. Nakwambia hili kwa sababu sehemu ya kukosa amani kwako inaweza kuwa hiyo tu, mazoea ya miguu, na hilo linakwenda na muda. Ila si yote, nitakuonyesha.

Kwanza tumalizane na mtumishi. Anasema dhambi imefutwa, laana imebaki. Hesabu hiyo haipo. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana "kwa kuwa alifanywa laana kwa ajili yetu." Hakufanywa nusu. Na Petro anaandika kana kwamba alimwona huyo mtumishi akija: "mlikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu." Kanisa langu, la Kilutheri, lilizaliwa katika ugomvi huu hasa. Mwaka 1517 pale Wittenberg, Luther aliandika hoja 95 kupinga vyeti vya rehema vilivyouzwa kwa watu wenye hofu kama yako. Wala usidhani nawasema Wakatoliki. Mwaka 1999, mjini Augsburg, wao na sisi tulitia saini tamko moja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani ya kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu. Biashara ile imehamia kwingine, inatumia spika kubwa.

Nikuwekee wazi na upande mgumu. Kutoka 20:5 inasema kweli Mungu anawapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Na tunaona: baba mlevi, watoto wanalala njaa. Matokeo ya dhambi yanasambaa. Lakini Ezekieli alipowakuta watu wamegeuza jambo hilo kuwa nadharia ya kujieleza kila balaa, aliwakatia kauli, sura ya 18 nzima: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wanafunzi walipomwona kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye ama wazazi wake, Yesu akajibu si yeye wala wazazi wake. Mtoto anayeumwaumwa apelekwe hospitali, apimwe damu, apimwe mkojo, daktari aulizwe kuhusu selimundu (sickle cell) kama homa na maumivu vinarudirudi. Mwambie daktari imeanza lini. Usimbebeshe mtoto wako kesi ya kikoba. Tayari kuna mtoto wa mtu amebebeshwa.

Na Waebrania 10:26, iliyokunyima usingizi: "kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Waliandikiwa watu walioteswa kwa imani, walionyang'anywa mali zao, ambao sasa walishawishika kumwacha Kristo warudi kwenye utaratibu wa zamani. Mstari wa 29 unawaeleza wanaozungumziwa: waliomkanyaga Mwana wa Mungu. Wanaambiwa, mkiiacha hii, hakuna nyingine rafuni. Anayekanyaga hakeshi usiku akiuliza kama bado anapendwa. Sasa niambie, katika habari yako ni nani anayekutafutia dhabihu nyingine, baada ya ile moja? Mstari uliodhani unakufukuza kwa Yesu ndio unaokukataza kwenda kwa mtumishi.

Makanisa hatusemi sawasawa hapa. Wabaptisti wengi wanafundisha kwamba aliyeokoka kweli hapotei. Sisi Walutheri, na Wapentekoste wengi, tunasema mtu anaweza kuiacha imani. Lakini sijui kanisa linalofundisha kwamba mtu anarudi akilia kisha Yesu anamfungia mlango. "Wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na Yohana, anayejua kuchagua maneno, anatuambia Yesu alipomrudisha kule ziwani palikuwa tena na moto wa makaa. Alimrudisha palepale palipomuunguza. Hukuhitaji kuokoka mara nne, mwanangu.

Basi turudi kwenye mstari wangu wa kalamu.

Nilikueleza mbuzi wa Azazeli: anawekewa mikono kichwani, anabebeshwa asiyoyatenda, anapelekwa nyikani asionekane tena. Angalia ulichomfanyia yule binti. Hukusema neno, ni kweli. Ukimya wako ndio uliomwekea mikono kichwani, na basi la Singida likampeleka. Sikuambii hivi nikuumize. Nakuambia kwa sababu kukosa kwako amani kuna akili. Umeombewa mara tatu uondolewe maumivu, ikawa kama panadol juu ya mwiba. Mwiba umo. Dhamiri yako inafanya kazi iliyoumbiwa, na ningekuwa na wasiwasi zaidi kama ungelala fofofo.

Na hapa ndipo kafara ya mtaani na msalaba vinapoachana kabisa. Katika kafara ya mtaani mwingine analipa ili mimi nistawi, na haulizwi. Yesu alisema juu ya uhai wake: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe" (Yohana 10:18). Yeye peke yake ndiye aliyekubali kubeba ya kwako. Yule binti hakukubali. Huwezi kumshukuru aliyebeba kwa hiari na huku ukimwacha aliyebebeshwa kwa nguvu akiendelea kubeba.

Walawi 6 ina kesi kama yako: mtu amedanganya katika amana aliyowekewa. Anaambiwa arudishe yote, azidishe na sehemu ya tano, ampe mwenyewe, ndipo alete sadaka yake kwa Bwana. Yesu akasema vilevile: ukikumbuka madhabahuni ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, nenda kwanza. Zakayo naye alitangaza kurudisha mara nne. Ila usipindue mpangilio. Yesu alikwisha kuingia nyumbani mwa Zakayo, amekwisha kumwita kwa jina, kabla senti moja haijarudi. Kurudisha ni tunda. Hakulipii msamaha. Wazee wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya hadi Bukoba, walilielewa hili bila chuo. Waliimba damu usiku, asubuhi wakaonekana njiani wanarudisha vitu walivyoiba.

Kwa hiyo hesabu ni hii: 75,000 na sehemu ya tano yake, 15,000, ni 90,000 kwa kila mwanamke, jumla 1,080,000. Sehemu ya tano si sheria juu yako leo, lakini ni busara, hela yao ilikaa miaka mitatu. Ukiwa huna zote, andika mpango wa miezi na uanze na wale waliobanwa zaidi. Kuna watakaokushauri urudishe kwa siri, utume tu kwenye simu zao bila jina. Nimeifikiria njia hiyo kwa makini, kwa sababu ni nyepesi na hela zinafika. Shida yake ni moja: jina la binti linabaki chafu. Kwa hiyo hapana, itabidi useme.

Sema kwa utaratibu. Mumeo kwanza, kama hajui, na uchague saa ambayo watoto hawapo. Kisha mwenyekiti wenu wa kikoba, ukiwa na mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili. Usipande madhabahuni kuungama kwenye maikrofoni. Dhambi hii ina watu kumi na watatu, haina mia tatu. Sikuahidi kwamba watakukumbatia. Wengine watakasirika, na mmoja anaweza kutaja polisi, kwa hiyo kabla ya kikao zungumza na wakili au kituo cha msaada wa kisheria ujue unasimama wapi. Msamaha wa Mungu haukuondolei yatakayofuata kwa watu. Unakupa pa kusimama yanapofuata.

Usifanye haya peke yako kwa kusoma majibu yangu. Nenda kwa mchungaji wa usharika wako, ana kwa ana, kama wewe ni Mkatoliki nenda kwenye kitubio, padre amefungwa na siri. Mwombe akutamkie msamaha kwa sauti, uusikie kwa masikio. Na kama kuna usiku unaoona heri ufe, au chakula hakipiti, au hulali wiki nzima, basi usingoje kikao wala ibada. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo. Vilevile, kama utakuwa umekwisha kurudisha na kusema, na bado unaungama jambo hilohilo kila siku bila kupumua, huo ni ugonjwa wa dhamiri, wenzetu Waislamu wanauita wasiwasi, na una daktari wake. Luther mwenyewe akiwa mtawa alimchosha muungamishi wake, Staupitz, kwa kuungama saa nyingi. Haikuwa upungufu wa imani.

Binti wa Singida mtafute kabla hata ya kikoba. Aliyemleta kwako bila shaka unamjua. Piga simu, ila usimalizie kwenye simu. Nenda. Kaa na mama yake, sema mbele yake kwamba binti hakuiba, wewe ndiye uliyechukua. Na mshahara wake wa mwezi ule wa mwisho, kama hukumlipa, mpelekee. Ile 350,000 ya mtumishi inatosha kuwarudishia wanawake watatu wa kwanza, inabaki 80,000. Hiyo fanya nauli.